Nibadilishe shingo na pikapu za besi yangu, au niiuze ninunue nyingine?

Besi_Kwanza aliuliza:

Wadau, salaam.

Ninamiliki gitaa la besi la nyuzi nne lililotengenezwa kwa kufuata muundo wa Precision, modeli ya besi ya kampuni ya Fender: pikapu moja (sumaku zilizozungushiwa waya, zinazogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme) iliyogawanywa vipande viwili, kitufe kimoja cha volyumu, kimoja cha toni, na halitumii betri. Sina ugomvi na sauti yake nzito, ambayo hukaa vizuri chini ya ngoma na kinanda. Malalamiko yangu ni mawili. Kwanza, shingo yake ni pana karibu na kichwa, na ninapopiga kwa muda mrefu kwenye freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) za mwanzo kiganja cha kushoto huanza kuuma. Pili, katika vipande vya kasi noti hazitengani. Bendi inapochangamka, besi yangu husikika kama mvumo mmoja, ilhali besi za muundo wa Jazz, modeli nyingine ya Fender, wanazopiga wenzangu hutoa kila noti ikiwa na ncha yake.

Nimefikiria njia tatu: kuchimba nafasi karibu na daraja (kile kipande kinachoshika nyuzi mwilini) na kuongeza pikapu ya pili ya aina ya Jazz, kufunga priampu ya betri, yaani saketi ndogo ya kukuza na kurekebisha sauti ndani ya besi, ili niweze kuongeza sauti za juu, au kuliuza kabisa na kununua Jazz, ama besi yenye umeme wake wa ndani kama StingRay ya Music Man. Naomba wenye uzoefu wanieleze kila njia inabadilisha nini hasa na haibadilishi nini, kwa sababu maelezo ya wauzaji yananiahidi kila kitu kwa wakati mmoja.

Niongeze tu kwamba nyuzi zilizopo ni zile za msokoto wa mviringo, unene wa 45 hadi 105 (kwa elfu za inchi), na zimekaa muda mrefu sana bila kubadilishwa.

Mkaza_Nyuzi alijibu:

Ndugu Besi_Kwanza, kabla hujagusa bisibisi wala pochi, irudie sentensi yako ya mwisho, ile uliyoiandika kana kwamba ni nyongeza tu. Nyuzi za msokoto wa mviringo zikichakaa hupoteza kwanza sauti za juu, kwa kuwa jasho, mafuta ya vidole na vumbi la ngozi hujazana katikati ya misokoto na kuunyima uzi uhuru wa kutetemeka katika mawimbi yake madogo. Kinachosalia ni ule mvumo unaoulalamikia. Wapo wanaoupenda: James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Motown, kampuni ya rekodi ya Marekani, alitumia Precision yenye nyuzi bapa ambazo hakuwa na desturi ya kuzibadilisha, na hakuna anayethubutu kusema besi yake haikusikika. Lakini yeye aliitaka sauti hiyo, wewe huitaki. Nunua seti mpya ya unene uleule ili mvuto juu ya shingo usibadilike sana, na ukitaka mng'ao zaidi chagua chuma cha pua badala ya nikeli.

Nyuzi zikishatulia, kagua mpindo wa shingo. Bana uzi wa E, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya kwanza kwa kibanio, ubonyeze kwa kidole kwenye freti ya mwisho, kisha tazama nafasi iliyopo kati ya uzi huo na freti ya nane. Kwa besi nyingi nafasi ya takriban milimita 0.3 inatosha. Ikiwa uzi umelala juu ya freti bila kuacha nafasi, shingo imenyooka kupita kiasi au imebinuka kinyumenyume; ikiwa kadi ya benki inapita pale bila kugusa chochote, shingo imepinda mno na ndiyo maana mkono wako unalazimika kubonyeza kwa nguvu. Marekebisho hufanywa kwa fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo: ukiikaza, shingo hunyooka, ukiilegeza, nyuzi huivuta ipinde. Zungusha robo mzunguko tu kwa mara moja, kaza nyuzi upya hadi sauti zake sahihi, kisha pima tena. Fimbo ikigoma, usishindane nayo. Fimbo iliyokatikia ndani ya shingo ni kazi ya fundi, na mara nyingine ni mwisho wa shingo yenyewe.

Baada ya hapo pima urefu wa nyuzi juu ya freti ya 17. Milimita 2.4 upande wa E na 2 upande wa G, uzi mwembamba kuliko wote, ni mahali pazuri pa kuanzia, nawe utapandisha au kushusha kulingana na nguvu ya vidole vyako. Kisha itazame pikapu. Ikikaa karibu mno na nyuzi, sumaku zake huzivuta na kuzifanya zitetemeke ovyo, hasa ukipiga noti za juu kwenye uzi wa E, na mvurugiko huo huchukuliwa na wengi kuwa ubovu wa pikapu. Bonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho, uache kama milimita 3 chini ya E na 2.5 chini ya G, halafu usikilize. Kwa kuwa pikapu yako ina vipande viwili, unaweza kusawazisha jozi ya nyuzi nene na jozi ya nyuzi nyembamba kila moja kwa skrubu zake.

Nikwambie wazi: nusu ya besi zinazouzwa kwa sababu "hazina sauti" zimekosa tu saa moja ya kazi hii.

Fundi_Koili alijibu:

Aliyotangulia kuyasema Mkaza_Nyuzi yafanyike kwanza, nami nitajibu upande wa umeme, kwa sababu muuliza swali ametaja mambo matatu yanayofanana kwa jina la "kuboresha" lakini yanafanya kazi tofauti kabisa.

Pikapu haisikii uzi wote. Husikia kipande kile tu kilicho juu ya sumaku zake. Karibu na daraja uzi hutetemeka kwa mwendo mdogo, na huko sauti zake za juu huwa na sehemu kubwa zaidi. Ukisogea kuelekea shingo, sauti ya msingi huzidi nguvu. Pikapu ya Precision iko mahali pa kati, na vipande vyake viwili, ambavyo Leo Fender alivianzisha mwaka 1957, vimeunganishwa kwa mfululizo huku vikiwa vimesukwa na kuwekewa sumaku kinyume kimoja kwa kingine. Kwa hiyo mvumo wa umeme hufutika, na unapata sauti nene iliyojaa katikati. Jazz, iliyotoka mwaka 1960, ina pikapu mbili za koili (waya uliozungushwa) mojamoja katika sehemu mbili tofauti za uzi. Ukizifungua zote mbili sawasawa, baadhi ya sauti za katikati hufutana kwa sababu kila pikapu inauona uzi katika hatua tofauti ya wimbi, na nafasi inayoachwa pale katikati ndiyo inayofanya noti zionekane kutengana. Ukifunga moja, unapata sauti nyingine kabisa. Jaco Pastorius aliegemea pikapu ya karibu na daraja kwenye Jazz yake isiyo na freti, na kila anayeisikia anaitambua mara moja.

Maana yake ni kwamba unachokisikia kwa wenzako kinatokana na mahali, wala si ubora wa sumaku. Ukinunua pikapu ghali ya Precision na kuiweka mahali palepale, utapata Precision nzuri zaidi, si Jazz.

Kuongeza pikapu ya Jazz karibu na daraja kunaleta kweli uwezo mpya, ila kuna mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi. La kwanza: pikapu yako ya sasa hujifutia mvumo yenyewe, lakini pikapu ya Jazz ya koili moja inategemea mwenzake wa Jazz ili mvumo ufutike. Ikiwekwa pamoja na ya Precision itavuma kila ukiifungua, hasa karibu na taa na skrini. Nunua ile yenye umbo la Jazz lakini iliyofungwa koili mbili ndani, iwe kwa kupangwa juu na chini au kwa kugawanywa kushoto na kulia. La pili: katika seti ya Jazz, pikapu ya upande wa daraja kwa kawaida ni ndefu kidogo kuliko ya upande wa shingo. Uwe na pikapu yenyewe mkononi kabla ya kuchora mstari wa kuchimba, maana ubao uliokwisha chimbwa haurudi.

Kuhusu priampu, nitakuwa mkali kidogo. Priampu haiumbi kitu ambacho pikapu haikukisikia. Inaweza kuinua sauti za juu, lakini kama nyuzi zimekufa itainua mikwaruzo ya vidole na mvumo wa hewani, basi. StingRay ya mwaka 1976 ilipata sifa yake kwa mchanganyiko wa mambo: pikapu moja kubwa ya koili mbili, mahali ilipowekwa karibu na daraja, na saketi ya ndani. Kuchukua saketi peke yake na kuihamishia kwenye besi nyingine hakukupi StingRay.

Lipo jaribio rahisi. Potenshiometa zako, yaani vipingamizi vilivyo chini ya vitufe vya volyumu na toni, bila shaka ni za kiloomu 250. Ukiweka za kiloomu 500, pikapu haibanwi sana kama hapo na sauti za juu hupumua. Ni kazi ya solda ya muda mfupi, na ukichoka nayo unarudisha za zamani. Kapasita ya toni, ambayo watu huinunua kwa bei ya ajabu eti kwa kuwa imetengenezwa kwa karatasi na mafuta, hubadilisha sauti pale tu unapopunguza toni. Kitufe kikiwa wazi kabisa, mchango wake karibu hausikiki. Muhimu ni thamani yake, kwa kawaida mikrofaradi 0.047, si hadithi yake.

Nne_Zatosha alijibu:

Nakubaliana na Fundi_Koili kuhusu pikapu, lakini kuhusu priampu ameionea. Besi isiyo na betri hutuma ishara dhaifu ambayo huathiriwa na kila kilicho mbele yake: kebo ikiwa ndefu, uwezo wake wa kuhifadhi chaji huungana na koili za pikapu na kukata sauti za juu kabla hazijafika kwenye amplifaya. Mwanamuziki anayepiga jukwaani akiwa na kebo ya mita 10 na vifaa kadhaa vya miguuni hupoteza mengi njiani. Priampu, hata ikiwekwa bila kuongeza wala kupunguza chochote, huizuia kebo isifanye hivyo. Wasiotaka betri ndani ya besi wanaweza kupata faida hiyohiyo kwa kisanduku cha nje kinachowekwa mwanzoni mwa mnyororo, na hapo hakuna tundu jipya linalotobolewa. Kwa wenye betri ndani, kumbuka kwamba kwenye besi nyingi tundu la kebo ndilo swichi. Ukiacha kebo imechomekwa usiku kucha, betri ya volti 9 itakuwa ikifanya kazi usiku kucha.

Lakini nimeshangaa kwamba hakuna aliyemjibu ndugu yetu kuhusu kiganja. Ndilo tatizo lake la kwanza, na halina uhusiano wowote na koili.

Shingo ya kawaida ya Precision ya siku hizi huwa na upana wa karibu milimita 41 pale juu nyuzi zinapopitia, na za zamani nyingine zilikuwa pana zaidi. Ya Jazz ni milimita 38 na kidogo. Tofauti hiyo inaonekana haina maana kwenye karatasi, lakini shika zote mbili kwenye freti ya kwanza na ya pili utaelewa. Sasa, Precision na Jazz za Fender zina urefu wa uzi uleule wa inchi 34, sawa na milimita 864, na kisigino cha shingo, yaani sehemu inayoingia mwilini, kina upana uleule wa milimita 63.5. Shingo ya Jazz hukaa kwenye mwili wa Precision. Hii ndiyo marekebisho ninayoyapenda kuliko yote, kwa sababu yanaacha sauti ya chini unayoipenda mahali pake, yanaondoa maumivu, na kesho ukitaka kuuza unairudisha shingo ya awali kwa skrubu nne.

Tahadhari ni kwamba gitaa lako limefuata muundo wa Precision lakini huenda halikufuata vipimo vyake. Ondoa nyuzi, fungua skrubu, upime upana wa mfuko wa shingo mwilini pamoja na kina chake. Pima pia kutoka kwenye kizuizi cha nyuzi (pale juu zinapopitia, karibu na kichwa) hadi freti ya 12: ukipata milimita 432, urefu wa uzi ni ule wa inchi 34. Shingo nyingi za kununua huja bila matundu ya skrubu, na hapo ndipo kazi huharibika. Usitoboe kwa kukisia. Ibane shingo mahali pake kwa klempu iliyotandikwa kitambaa, tandaza nyuzi mbili za pembeni, E na G, zikiwa zimekazwa kidogo tu, na uhakikishe zote ziko umbali sawa kutoka kingo za ubao wa vidole hadi freti ya mwisho. Zikielemea upande mmoja, isogeze shingo kidogo kisha utazame tena. Ukiridhika, tia alama kupitia matundu ya mwili, toboa kwa keekee nyembamba kuliko skrubu, na zipake skrubu nta ili ziingie bila kupasua ubao.

Na jambo la mwisho: kila kipande cha awali, hata skrubu, kiweke kwenye mfuko ulioandikwa jina. Mnunuzi wa besi iliyotumika hulipa kwa furaha anapoona vipande vya kiwandani vimehifadhiwa.

Besi_Kwanza aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Nimebadilisha nyuzi na kurekebisha shingo kama alivyoelekeza Mkaza_Nyuzi, na kwa kweli noti zimeanza kutengana kiasi kwamba wazo la kuchimba mwili nimeliweka kando. Kiganja bado kinalalamika, ingawa kwa sauti ya chini. Kabla sijaagiza shingo ya Jazz ningependa kujaribu Jazz nzima iliyotumika ambayo mtu anaiuza, pamoja na besi nyingine fupi ya inchi 30. Nitazilinganishaje kwa haki, na nikague nini?

Sikio_la_Kati alijibu:

Kulinganisha kwa haki ni kugumu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu sikio hupenda kilicho na sauti kubwa. Ukibadilisha besi bila kusawazisha volyumu, yenye ishara kali ndiyo itakayoonekana nzuri, na kwa kawaida hiyo ni yenye betri. Tumia amplifaya moja, vitufe vyote vya toni vikiwa katikati, kebo ileile, kisha sawazisha volyumu kila unapobadilisha. Kumbuka pia umri wa nyuzi: Jazz yenye nyuzi mpya ikilinganishwa na Precision yenye nyuzi kuukuu, unalinganisha nyuzi. Njia ninayoiamini ni kurekodi moja kwa moja kifungu kilekile kwa kila besi juu ya mdundo wa ngoma, ukampa mtu mwingine azipange bila majina, nawe usikilize siku nyingine. Sauti inayovutia ukiwa peke yako chumbani mara nyingi humezwa ngoma zinapoingia, na ile iliyoonekana butu ndiyo inayosimama.

Kuhusu besi fupi, faida yake ni ya kimwili na inaweza kukokotolewa. Kwa uzi wa unene uleule na noti ileile, mvuto hufuata mraba wa urefu. Kutoka inchi 34 hadi 30 mvuto hupungua kwa takriban asilimia 22. Freti hukaribiana na vidole hupumzika. Gharama yake ni kwamba uzi wa E hulegea na sauti yake huwa ya mviringo zaidi, yenye ncha chache. Höfner 500/1, ile yenye umbo la fidla, ni ya kundi hili. Kwa mtu anayelalamikia noti zisizotengana, singeanzia hapo, ila kama kiganja kitakataa hata shingo ya Jazz.

Katika kukagua iliyotumika, anza na shingo. Ishike besi kama unayelenga shabaha, jicho likiwa kichwani, na utazame kingo mbili za ubao wa vidole zikielekea darajani. Zikiwa zimepinda pamoja, fimbo itarekebisha. Zikiwa zimejinyonga, moja juu na nyingine chini, rudisha besi kwa mwenyewe na umtakie heri. Omba ruhusa ya kujaribu fimbo kidogo pande zote mbili, kwa sababu iliyokazwa hadi mwisho haina akiba. Piga kila freti ya kila uzi, polepole, ukisikiliza noti zinazokufa mapema. Zungusha vitufe vyote: mkwaruzo mdogo huondolewa kwa dawa ya kusafishia umeme, lakini kukatika kwa sauti ni waya. Kisha, kama muuzaji ataridhia, fungua bamba la plastiki lililo juu ya mwili uangalie kama kuna mashimo yaliyochimbwa na kufichwa, na kama solda imeguswa. Solda mpya juu ya potenshiometa za zamani si dhambi, lakini lazima bei iijue.

Kuhusu aina ya mbao, usikubali ikutawale. Katika besi ya umeme nyuzi, pikapu na mikono yako zitaongea kabla ya ubao. Uzito wake ndio wa kuuliza: vaa mkanda, simama, achia shingo. Kichwa kikishuka chenyewe kuelekea sakafuni, bega lako la kushoto litafanya kazi ya kukishikilia kila mara, na huenda maumivu ya kiganja yanatoka hapo. Vikazio vyepesi vya nyuzi husaidia, kwa kuwa vinapunguza uzito pale ulipo mbali zaidi na mwili.

Besi_Kwanza aliandika tena:

Nimefanya jaribio la mkanda kwenye besi yangu mwenyewe na kichwa kinashuka. Nitaanza na vikazio vyepesi na shingo ya Jazz kwa pamoja. Swali dogo la mwisho kwa Nne_Zatosha: nimeona shingo za freti 20 na za freti 21 kwa bei inayokaribiana. Je, zote zinaingia?

Nne_Zatosha alijibu:

Kisigino kikiwa na vipimo sawa zote huingia, kwa sababu freti ya 21 hukaa juu ya ulimi mdogo wa ubao wa vidole unaotokeza mbele ya kisigino. Ila ulimi huo hulala juu ya bamba la plastiki, na bamba lako likiwa nene au limekatwa karibu sana na shingo, litaizuia isikae sawasawa. Chukua ya freti 20. Pia, kabla hujalipa, uliza kipenyo cha matundu ya vikazio kichwani, maana shingo za mtindo wa zamani na za kisasa hutofautiana, na vikazio unavyotaka kununua lazima viendane na matundu hayo.